Ukiona Mtu Anapigwa na Mwenza Wake Hadharani: Mwongozo kwa Aliye Karibu

Mtu anamburuta mwenzake kando ya barabara, anamtukana, anamzaba kofi mbele ya watu. Walio karibu wanainamia simu zao au wanageuza uso. Wengi wao si watu wabaya. Wamekua wakisikia maneno tuliyoyasikia sote: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Ya mke na mume hayaingiliwi. Kesho watapatana, na wewe utabaki adui wa wote wawili. Maneno hayo yana busara yake pale watu wawili wenye nguvu sawa wanapobishana. Anayepigwa na anayempiga hawako sawa, na kumwacha aliyezidiwa nguvu apambane peke yake ni kumsaidia aliyemzidi.

Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Lance Shotland na Margaret Straw, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mtu angepaswa kulijua. Waliwatumia waigizaji: mwanamume akimshambulia mwanamke mbele ya watu wasiojua kwamba ni maigizo. Mwanamke alipopiga kelele kwamba hamjui mwanamume yule, asilimia 65 ya walioshuhudia waliingilia kati. Alipopiga kelele kwamba hajui kwa nini aliolewa naye, walioingilia walikuwa asilimia 19 tu. Shambulio lilikuwa lilelile, mwanamke yuleyule. Neno la ndoa tu lilitosha kuwaondoa watu wengi upande wake.

Mwongozo huu ni wa kumrudisha mtu upande wake, na kumrudisha kwa akili. Ukiondoka pale, huenda aliyepigwa akaingia nyumba moja na aliyempiga usiku uleule. Kwa hiyo kila unachotaka kufanya kipime kwa swali moja: wakishafunga mlango, hili litampunguzia hatari au litamwongezea? Swali hilo litakuzuia kufanya mambo mengi ambayo yanaonekana ya kishujaa.

Nitasema "mhanga" na "mnyanyasaji". Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono, na mara nyingi mtendaji ni mwenza wake. Wanaume nao hupigwa na wenza wao, na wanapopigwa hadharani huongezewa kicheko cha watu. Hatua ni zilezile kwa wote.

Hatua ya kwanza: simama na uisome hali

Usipite, na usikimbilie katikati. Simama mahali unapoonekana, mbali kidogo, penye nafasi ya wewe kuondoka. Wapo wanaoacha kupiga mara tu wanapogundua kuna mtu amesimama anawatazama.

Kisha angalia haraka. Kuna kisu, chupa, jiwe, mkanda, bunduki? Mnyanyasaji ana wenzake? Amelewa? Kuna mtoto? Mhanga ana pa kupitia, au amebanwa ukutani au ndani ya gari? Na mikono ya mnyanyasaji iko wapi?

Swali la mikono naliuliza kwa sababu ya shingo. Kukabwa koo kunaweza kumpotezea mtu fahamu kwa sekunde kama 10, na mara nyingi hakuachi alama kwenye ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kukabwa koo na wenza wao walikuwa katika hatari ya kuuawa nao zaidi ya mara 7, wakilinganishwa na wanawake wanaonyanyaswa lakini hawajawahi kukabwa. Ukiona mikono shingoni, hata kwa muda mfupi, hata kama wote wawili watakwambia walikuwa wanataniana, hiyo ni dharura. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya simu.

Ukatili si kofi na ngumi peke yake. Kumnyang'anya mtu simu, kumzibia njia, kumshika mkono wa juu na kumsukuma mbele kama mfungwa, kumvua mtandio au kumchania nguo, kumtupia vitu vyake chini, kumlazimisha apande gari, kumnong'oneza vitisho huku akitabasamu kwa watu wengine: haya yote huonekana hadharani na ni rahisi kuyapuuza.

Utajuaje basi kwamba si mabishano ya kawaida ya wapenzi? Tafuta hofu. Katika mabishano kila mmoja anasema lake, na yeyote anaweza kugeuka akaenda zake. Penye unyanyasaji kuna mmoja aliyejikunyata, anayeomba radhi haraka haraka, anayemtazama mwenzake usoni kwanza kabla ya kumjibu mtu mwingine hata salamu. Lakini tahadhari: mhanga anaweza pia kupiga kelele, kutukana, hata kurudisha ngumi. Kujitetea hakumtoi katika kundi la wahanga. Na kama bado huna uhakika, hatua laini zilizo hapa chini hazimdhuru mtu hata ukiwa umekosea. Kuuliza njia ya kwenda mahali hakujawahi kuvunja ndoa ya mtu.

Kuna pia ishara ya mkono ya kuomba msaada kimya kimya, iliyoanzishwa na taasisi ya Canadian Women's Foundation mwezi Aprili 2020. Mtu anaonyesha kiganja, anakunja kidole gumba ndani ya kiganja, kisha anavifunga vidole vinne juu yake. Ilibuniwa kwa mazungumzo ya video, lakini mwezi Novemba 2021 msichana wa miaka 16 aliokolewa jimboni Kentucky, Marekani, baada ya dereva wa gari jingine kuiona ishara hiyo dirishani na kupiga simu polisi. Ukionyeshwa, usishtuke kwa sauti wala kuijibu kwa mkono. Maana yake ni: nina shida, nitafute kwa njia salama.

Hatua ya pili: tafuta wenzako

Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio ambamo vijana walisikia, kupitia spika, mtu akipatwa na kifafa. Walioamini kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla sauti ile haijakatika. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanasikia, ni asilimia 31. Kila mmoja alidhani mwingine ameshafanya kitu.

Usikate tamaa kwa takwimu hizo. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulichunguza picha za kamera za barabarani za migogoro 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, na katika matukio tisa kati ya kumi kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyefanya kitu kutuliza hali. Walio karibu wakiwa wengi, uwezekano wa mmoja kusaidia ulikuwa mkubwa zaidi. Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja naona hivi: watu wako tayari kusaidia, ila wanamsubiri wa kuanza.

Anza wewe, kwa kumteua mtu. Ukisema "jamani, mtu asaidie", hakuna mtu anayeitwa "mtu". Sema: "Kaka mwenye begi la bluu, naomba upige polisi sasa hivi." "Dada, simama hapa na mimi." "Mama, tafadhali mwite mlinzi pale mlangoni." Ukimtaja mtu kwa shati lake na kumpa kazi moja inayoeleweka, ni nadra akatae. Watu watatu waliosimama pamoja, kimya, bila kumsogelea mnyanyasaji, wana uzito kuliko mmoja anayepayuka.

Wenzako hao pia ndio watakaokuzuia kuingia kwenye kosa kubwa la umati: kumpiga mnyanyasaji. Likianza neno la "mshughulikieni", lizime mapema. Mtu aliyepigwa na umati mbele ya mwenza wake anarudi nyumbani na aibu na hasira, na atakayemwagiwa hasira hizo ni yuleyule mliyetaka kumwokoa. Achilia mbali kwamba mnaweza kuua mtu.

Hatua ya tatu: simu, na lini uipige

Piga bila kumsubiri mtu wala kuomba ruhusa ukiona silaha, mikono shingoni, damu, mtu aliyeanguka chini anapigwa mateke, mtu anayeingizwa garini kwa nguvu, mhanga mjamzito au mtoto aliye katikati. Vivyo hivyo ukisikia tishio la kuua. Usiseme ni maneno ya hasira tu.

Kama hujui namba ya dharura ya mahali ulipo, jaribu 112. Imo katika viwango vya simu za mkononi za GSM, na simu nyingi huiunganisha na huduma za dharura zilizopo hata skrini ikiwa imefungwa. Sema kwa mpangilio huu:

- Mahali, kwanza kabisa: barabara, jengo, kituo, upande gani. Simu ikikatika, wajue pa kuja.
- Kinachotokea sasa: "mtu anapigwa", wala si "kuna ugomvi wa wapenzi". Neno ugomvi hupunguza mwendo wa anayekuja.
- Silaha, majeraha, mtoto.
- Nguo na umbo la mnyanyasaji, namba ya gari, upande alikoelekea.

Jitenge kidogo unapopiga. Kumpungia mnyanyasaji simu usoni na kumwambia "nakuitia polisi" kunaweza kumfanya amkokote mhanga hadi pasipo na watu, na hapo umempoteza.

Hali ikiwa si ya dharura ya papo hapo, mambo yanahitaji kufikiriwa zaidi. Wapo wahanga ambao polisi kwao ni hatari ya pili: asiye na hati za ukaazi, ambaye mumewe ana jamaa kituoni, ambaye safari iliyopita alirudishwa nyumbani kwa maneno ya "kayamalizeni". Ukipata nafasi ya kumuuliza pembeni, muulize: "Ungependa niite polisi, au kuna mtu wako nimpigie?" Akikataa na maisha yake hayako hatarini dakika hiyo, heshimu jibu lake. Anamjua mwenza wake kuliko unavyomjua wewe.

Hatua ya nne: katiza bila kupambana

Kama hakuna silaha na unahisi uko salama, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuingiza kitu kingine katikati ya tukio. Hasira ya mnyanyasaji inahitaji mfululizo. Ukiukata kwa jambo dogo lisilohusiana, mara nyingi hushuka, na mhanga anapata nafasi ya kuvuta pumzi, kusogea, hata kuondoka.

Uliza saa. Uliza kama basi la upande ule limeshapita. Omba kupishwa na mzigo wako kati yao. Angusha kitu na uanze kuokota polepole. Piga honi. Mwambie mnyanyasaji, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahani bosi, hilo gari lililoziba njia ni lako?" Swali la namna hiyo linamlazimisha kugeuza shingo na kujibu kama mtu wa kawaida, na hapati sababu ya kukuona adui.

Kampeni ya Bell Bajao, iliyoanzishwa India mwaka 2008 na shirika la Breakthrough, ilijengwa juu ya wazo hilihili kwa majirani: ukisikia mtu anapigwa ndani, gonga kengele ya mlango na uombe kitu chochote kidogo. Anayepiga analazimika kuacha, kufungua mlango na kuona kwamba anasikika. Hakuna aliyemhukumu wala aliyemtaja mkewe.

Ujanja mmoja unaosambazwa sana mitandaoni nakushauri uuache katika matukio ya wapenzi. Ni ule wa kujifanya unamjua mhanga: "Heee, shoga yangu, umepotea!" Dhidi ya mgeni anayemsumbua mtu barabarani unafaa sana. Mbele ya mwenza mwenye wivu, ni kumkabidhi mhanga kesi mpya. Atahojiwa usiku kucha: huyo nani, mmekutana wapi, mbona hujawahi kunitajia. Kama wewe ni mwanamume na mhanga ni mwanamke, hatari ni kubwa zaidi. Mkono wako begani kwake, hata kwa huruma, unaweza kumgharimu meno. Mwanamke akiweza kumsogelea mwanamke mwenzake, na mwanamume akamvuta mnyanyasaji kwa mazungumzo mepesi, hapo kazi imegawanywa vizuri.

Ukipata sekunde chache na mhanga, zitumie kwa swali linalojibika kwa kichwa tu: "Uko salama?" au "Unataka nikae hapa?" Usimlazimishe kueleza akiwa anasikiwa.

Hatua ya tano: ukilazimika kusema wazi

Kuna wakati kuuliza saa hakutoshi. Sema basi, ukiwa na wenzako nyuma yako na umbali wa kutosha asikufikie kwa mkono. Mikono yako iwe wazi, chini, bila kidole cha kuonyesha. Sauti isikike bila kupaa. Maneno yawe machache: "Mwache. Tunaona." "Tafadhali rudi nyuma kidogo." "Anasema hataki kwenda."

Baada ya hapo nyamaza. Usimhubirie, usimwite mnyama, usimuulize kama angependa mama yake afanyiwe hivyo. Usimguse. Usisimame kati yake na njia ya kutokea. Mwachie upenyo wa kuondoka na heshima kidogo, maana anayeondoka mwenyewe akiwa ametulia ni bora kuliko anayefukuzwa kwa zomeazomea. Najua inauma kumwachia heshima mtu wa namna hiyo. Fanya kwa ajili ya yule atakayekutana naye baadaye.

Akikugeukia wewe, rudi nyuma. Sema "sawa, sitaki ugomvi", endelea kurudi, na uendelee kuonekana. Ukijeruhiwa, mhanga atakuwa na mzigo wa pili wa kujilaumu.

Basini, kwenye lifti, dukani

Ndani ya chombo cha usafiri, mwambie dereva au kondakta, na umsihi asisimamishe gari mahali pasipo na watu. Kama kituo chako kimefika na mhanga bado yumo na mnyanyasaji, angalia kama unaweza kupitiliza, au umwachie abiria mwingine jukumu hilo kwa kumwambia waziwazi. Kwenye lifti, bonyeza kitufe cha ghorofa inayofuata mlango ufunguke penye watu. Mahali penye wafanyakazi, mwone msimamizi au mlinzi; wana sababu ya kazi ya kusogea na kuuliza, na mnyanyasaji haioni kama ni uadui.

Kurekodi

Kama hakuna anayemsaidia mhanga, weka simu chini usaidie. Kama wengine wanasaidia, kurekodi kunaweza kuwa na thamani mahakamani. Simama kwa mbali, anza kwa kuonyesha kibao cha barabara au jengo ili mahali pajulikane, taja tarehe na saa kwa sauti ya chini, usikate kate.

Kisha video hiyo ni ya mhanga. Muulize kama anaitaka na umtumie kwa njia gani, kwa kuwa simu yake huenda inapekuliwa. Usiirushe mitandaoni, hata ukiwa umeficha sura. Watu wa mtaani kwake watamtambua kwa nguo na sauti, watoto wake wataiona, na mwenza wake atamwadhibu kwa aibu ambayo wewe ndiye uliyeisambaza. Wanaosambaza picha hizo husema wanapaza sauti kwa niaba ya wanyonge. Sikubaliani nao. Mnyonge hakuulizwa.

Hatua ya sita: mnyanyasaji akishaondoka

Hapa watu hutawanyika, na hapa ndipo mhanga anamhitaji mtu zaidi. Ameaibika mbele ya umati, huenda anatetemeka, huenda viatu vyake viko mbali. Mwokotee. Mtafutie pa kukaa pasipo na macho mengi. Kaa naye kwa upande, usimsimamie kichwani.

Maneno matatu yanamtosha kwa kuanzia: "Nimeona. Pole sana. Si kosa lako." Wapo ambao katika miaka ya mateso hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba si kosa lao. Halafu muulize anataka nini, na usubiri jibu. Pengine anataka kumpigia dada yake. Pengine anataka maji, nauli, au mtu wa kumsindikiza hadi barabarani. Pengine hataki kitu.

Usimuulize kwa nini hamwachi. Swali hilo linamwambia kwamba kosa ni lake, na pia linapuuza ukweli ambao watafiti wa mauaji ya wapenzi wameuona tena na tena: kipindi cha kuondoka, na miezi inayofuata, ni miongoni mwa vipindi vya hatari kubwa kabisa kwa mhanga. Kuondoka kunahitaji mpango, fedha, mahali pa kufikia na watu. Jazba yako ya dakika kumi haiwezi kumpa hivyo. Vilevile usimwambie avumilie kwa ajili ya watoto.

Anaweza kukugeukia kwa ukali: "Nani kakuita? Ni mume wangu!" Usinune. Mara nyingi anasema hivyo ili isikike, kwa kuwa akirudi nyumbani ataulizwa, "Ulimwambia nini yule?" Jibu kwa upole, "Sawa dada, nilitaka tu kujua kama uko salama," usogee, lakini usiende mbali mara moja.

Kama alikabwa koo, mwombe aende hospitali siku hiyohiyo hata kama anajisikia vizuri. Mshipa wa damu shingoni unaweza kuwa umechanika ndani, na uvimbe au kiharusi kikaja saa au siku kadhaa baadaye. Sauti iliyokwaruza, kumeza kwa shida, kichwa kuuma, vidoa vyekundu machoni au kujikojolea wakati wa tukio ni dalili za kutochelewa. Na amwambie daktari waziwazi kwamba alikabwa. Daktari asipoambiwa hataitafuta.

Kabla ya kumpa namba ya simu ya msaada au ya shirika, muulize kama ni salama kwake kuwa nayo. Karatasi iliyokutwa mfukoni inaweza kuanzisha kipigo kingine. Namba inaweza kuhifadhiwa kwa jina la fundi au la duka, au akaikariri.

Kama kulikuwa na mtoto, usimsahau pembeni. Mtoto aliyeshuhudia huhisi yeye ndiye chanzo. Chuchumaa, ulingane naye kwa urefu, mwambie kwamba hakufanya kosa na kwamba watu wazima wanamsaidia mama au baba yake. Usimhoji, na usimseme vibaya mzazi wake mbele yake. Bado ni mzazi wake.

Ushahidi

Mwachie mhanga jina lako na namba yako kama anazitaka, na umwambie uko tayari kueleza ulichoona. Kesi nyingi hukwama kwa sababu linabaki neno la mmoja dhidi ya la mwingine, na wewe ndiye unayeweza kubadilisha hilo. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika: saa, mahali, nani alikuwa amevaa nini, nani alifanya nini kwanza, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa hata kama ni matusi, nani mwingine alikuwepo. Tenganisha ulichoona na ulichohisi. "Alimpiga mara mbili kwa mkono wa kulia, upande wa kushoto wa uso" kina nguvu kuliko "alimpiga vibaya sana".

Polisi wakifika, waombe wawasikilize wawili hao kila mmoja mahali pake, mhanga asisimame anapoonwa na mwenzake. Wanaojua kazi yao watafanya hivyo bila kukumbushwa, lakini kukumbusha hakudhuru. Mnyanyasaji mara nyingi atakuwa ametulia na mwenye adabu wakati huo, na mhanga atakuwa analia na kuchanganya maneno. Hapo ushuhuda wa mtu wa tatu, uliotolewa kwa utulivu, unaweza kuzuia mhanga asichukuliwe kuwa ndiye mkorofi.

Wewe pia zungumza na mtu unayemwamini. Kushuhudia kipigo huamsha mambo, hasa kwa aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, na kukosa usingizi siku mbili tatu si ajabu. Usitaje jina wala mtaa wa mhanga katika mazungumzo hayo.

Ukikutana na mhanga tena, sokoni au kituoni, na yuko na mwenza wake, pita kama mtu msiyejuana. Akiwa peke yake, mwache yeye aamue kama atakusalimia. Akikusalimia, muulize habari za leo kwanza, na umpe nafasi ya kulitaja lile tukio mwenyewe kama anataka.